Mafuta ya kunukia yanapogoma kutoka: pima kwanza, badilisha mtambo baadaye

Mafuta yakitoka kidogo, wa kwanza kulaumiwa ni mtambo wa kukeneka, yaani ule unaopitisha mvuke kwenye mmea na kuupoza ili mafuta yatengane na maji. Hapo ndipo wauzaji wa mikrowevu, ultrasoniki (mawimbi ya sauti isiyosikika) na kaboni dioksidi ya shinikizo kubwa wanapopata sikio la mtu. Mbinu hizo ni za kweli na nimeziwekea nafasi hapa chini. Lakini mwenye mtambo wa kawaida wa mvuke, mdogo au wa kati, mara nyingi anapoteza mafuta, moto na maji mahali anapoweza kupaziba kwa mikono yake mwenyewe: shambani, ndani ya tangi, kwenye kipozeo na kwenye chombo cha kutenganishia. Majani yaliyovunda ukiyatia kwenye mtambo wa kisasa yatakupa mafuta yale yale machache, ila kwa haraka zaidi.

Kabla ya kushika dalili yoyote, tafuta mizani, kipimajoto, saa na silinda yenye alama za mililita. Asiyepima anabahatisha.

"Wenzangu wanapata asilimia 2, mimi sifiki hata 1"

Anza na hesabu, usianze na moto. Kilo 100 za majani mabichi yenye unyevu wa asilimia 75 zina kilo 25 tu za jani kavu. Zikitoa nusu kilo ya mafuta, umepata asilimia 0.5 kwa uzito mbichi, au asilimia 2 kwa uzito mkavu. Mafuta ni yale yale. Tafiti nyingi huandika kwa uzito mkavu, mkulima hupima mabichi yakiwa na vijiti vyake, kisha watu wawili wasio na tofauti yoyote wanabishana. Kausha sampuli ndogo, pata unyevu wake, halafu ndipo ulinganishe.

Linganisha pia mmea kwa mmea. Vichwa vya karafuu vikavu hutoa asilimia 15 hadi 20. Waridi linahitaji tani kadhaa za petali kwa kilo moja ya mafuta. Hakuna kiwango cha kawaida kinachofaa mimea yote.

Namba zikikaa sawa na mafuta bado ni haba, yana njia nne tu za kupotea: hayakuwemo tangu mwanzo, yalitoroka hewani kabla ya kazi, yamebaki ndani ya majani, au yamekwenda na maji.

Hayakuwemo: hapa mhusika ni siku ya kuvuna. Mimea ya jamii ya nanaa, kivumbasi na lavenda huweka mafuta kwenye vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani, na mingi katika hiyo hufikia kilele karibu na kuchanua. Ukivuna mapema mno au ukachelewa hadi mbegu zimekomaa, hakuna mtambo utakaokuokoa. Kata kilo chache kila baada ya siku kadhaa, zikeneke kwenye mtambo mdogo wa majaribio wenye mrija wa Clevenger (kifaa cha kioo cha kupimia mafuta; umbo lake lilichapishwa mwaka 1928 na bado ndilo linalotumika maabara), na uandike. Msimu mmoja wa kuandika hivyo una faida kuliko ushauri wa jumla wa mtu yeyote, nikiwemo mimi.

Yalitoroka: tia mkono katikati ya rundo lililosubiri usiku kucha. Ukihisi joto, majani yameanza kuchacha na mafuta yanaondoka. Tandaza kivulini, tabaka jembamba, na kama unakausha kwa hewa ya moto usivuke nyuzi 40. Mbegu na mizizi isagwe siku ile ile ya kukeneka, kwa sababu unga uliolala wazi hupoteza harufu. Kunyausha kidogo ni jambo jingine, tena zuri: mchaichai ulionyauka kivulini kwa siku moja huingia mwingi zaidi tangini, na moto ule ule unatoa mafuta mengi zaidi.

Majani yaliyokwisha kukenekwa bado yananukia

Huu ndio uchunguzi ninaoupenda kuliko wote, maana haugharimu kitu. Fungua tangi likishapoa na usimwage kwa haraka. Chimba kwa uma kutoka juu kwenda chini. Chukua konzi moja katikati, nyingine ubavuni karibu na ukuta, ya tatu kwenye kona ya chini. Sugua kila moja kati ya viganja, unuse. Kisha tazama rangi. Jani lililopitiwa na mvuke sawasawa huwa la kahawia au kijani kilichofifia, laini, lenye harufu ya mboga iliyochemka. Ukikuta mabaka ya kijani kibichi yenye harufu kali, au mabonge makavu kabisa ndani ya shehena iliyolowa, mvuke umejitafutia njia ya mkato na kuyaacha.

Mvuke ni mvivu, hupita palipo wepesi. Shehena iliyomwagwa ovyo ina mashimo, na iliyoshindiliwa upande mmoja humsukumia mwenzake mvuke wote. Dalili huonekana mapema: mvuke unatokea kwenye kipozeo haraka kuliko kawaida, maji yanatiririka vizuri, lakini utando wa mafuta juu yake ni mwembamba. Dawa ni kupakia kwa tabaka, kila tabaka likikanyagwa kwa nguvu moja, zaidi pembeni karibu na ukuta kwa kuwa huko ndiko mvuke unakopenda kupanda. Majani makavu yanyunyiziwe maji kidogo kabla ya kupakiwa. Chini ya wavu wa kushikilia majani acha nafasi mvuke usambae kwanza, usipige moja kwa moja mahali pamoja.

Kukata kunasaidia, ila si kwa kila kitu. Mizizi, magome na mbegu huficha mafuta ndani kabisa na lazima vivunjwe. Majani ya nanaa hayahitaji kusagwa, kwa kuwa mafuta yako juu. Ukisaga mno, unga hujishika na kuwa kama tope, mvuke unachimba mfereji mmoja na kuacha pembeni pakavu. Unga utandazwe kwenye trei zenye matundu, tabaka nyembamba, au uchemshwe majini huku ukikorogwa.

Moto unakula kuni, mafuta hayaongezeki

Wengi wakisikia mbinu "za kijani", yaani zisizoharibu mazingira, hufikiria paneli za jua. Mimi nafikiria saa ya ukutani. Kila baada ya dakika 10 soma kiasi cha mafuta kilichokusanyika na ukiandike. Kwa nanaa au lavenda utaona mafuta yakimiminika mwanzoni, kisha mstari unalala. Sehemu ile iliyolala ndiyo inayokula kuni. Mtu aliyezoea kukeneka saa mbili akigundua kwamba nusu saa ya mwisho inampa matone tu, kuiacha kunampunguzia karibu robo ya mvuke wote.

Usifanye hivyo kwa upofu. Baadhi ya viini vizito hutoka mwisho, na mnunuzi anaweza kuwa anavitaka. Mafuta ya langilangi, ua la kunukia, hukusanywa kwa mafungu katika ukenekaji unaochukua saa nyingi, na kila fungu lina daraja lake. Vetiveri, nyasi ya mizizi inayonukia, nayo haiharakishwi. Pima, nusa fungu la mwisho, ndipo uamue.

Sasa hesabu ya joto. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257. Kuyapasha kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kama 314 tu. Mzigo mkubwa, basi, ni mvuke wenyewe. Kutumia maji ya moto ya kipozeo, tuseme ya nyuzi 55, kujazia boila ni jambo jema na linaokoa karibu asilimia 5. Usilidharau, wala usilitangaze kama mapinduzi. Ukuta wa tangi usiofunikwa unaweza kukuibia zaidi: mvuke unagusa bati baridi, unarudi kuwa maji, unadondoka chini ukiwa haujafika popote. Ukikuta majani ya pembeni yamelowa chepechepe na ya katikati yako sawa, funga tangi, mfuniko na bomba la juu kwa sufi ya madini au kitu kingine kisichoungua. Mabaki yaliyokenekwa yakaushwe na yatumike kuwashia moto wa siku inayofuata, ikiwa tanuri lako limejengwa kuyachoma bila moshi mwingi.

Jua linafaa pia. Kioo cha Scheffler, ambacho hukusanyia mwanga mahali pamoja pasipohama, kimeshatumika kukenekea mafuta. Tatizo lake ni wingu. Mvuke ukikatika ghafla, tangi linapoa na kuvuta hewa kwa ndani. Maji yanaweza kurudi nyuma kupitia bomba, na tangi la bati jembamba linaweza kubonyea. Weka vali ya kuingiza hewa, na uwe na moto wa akiba.

Maji ya kupozea hayatoshi, au mvuke unatoka mbichi mdomoni mwa bomba

Ukinusa mafuta umesimama mita kadhaa kutoka kwenye mtambo, unanusa hasara. Ni hatari vilevile: mvuke wa sineoli (kiini cha mkaratusi) au limonini (kiini cha machungwa) unaweza kushika moto mafuta yake yakifika nyuzi zisizozidi 50 hivi. Gusa bomba la kutokea kwa tahadhari na upime maji yanayotoka. Yakizidi nyuzi 40, ama moto ni mkali mno, ama koili (bomba lililojizungusha ndani ya kipozeo) imejaa chokaa, ama maji baridi yanaingilia upande usiofaa. Yaingie chini na kutokea juu, yakikutana na mvuke uso kwa uso.

Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji ya nyuzi 30 inaachia kama kilojuli 2,550. Maji ya kupozea yakiruhusiwa kupanda kutoka nyuzi 25 hadi 55, utahitaji karibu lita 20 kwa kila lita inayotoka. Ndiyo maana ukenekaji unakausha visima. Zungusha maji kupitia tangi kubwa lililo kivulini au mnara wa kupozea. Kupunguza moto kidogo mara nyingi kunaleta nafuu kabla hujanunua pampu.

Kuna kinyume chake kinachosahaulika. Anetholi, kiini kikuu cha mafuta ya anisi na baadhi ya shamari, huganda karibu na nyuzi 21. Koili ikiwa baridi mno inaziba, mtiririko unapungua, shinikizo linapanda ndani ya tangi. Mtiririko ukififia huku moto ukiwaka vilevile, zima moto kwanza, maswali baadaye. Kwa mimea hiyo acha maji ya kipozeo yawe ya vuguvugu. Na tangi lolote liwe na vali ya usalama.

Mafuta na maji hayatengani

Maziwamaziwa kwenye chombo cha kutenganishia yana sababu chache. Maji yanadondoka kutoka juu na kuvuruga utando: shusha mrija kwa faneli hadi chini kidogo ya mahali mafuta yanapokaa. Chombo ni kidogo kuliko mtiririko: tumia viwili vilivyofuatana. Tangi limejazwa kupita kiasi na vipande vya majani vinabebwa: punguza shehena au weka wavu juu.

Halafu kuna suala la uzito. Mafuta ya machungwa, lavenda na mkaratusi huelea. Ya karafuu na ya gome la mdalasini huzama, na anayeyasubiri juu atadhani hayapo. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hutatanisha zaidi, kwa sababu kiini chake kikuu, yujenoli, ni nzito kuliko maji ilhali kingine, kariofilini, ni nyepesi, na unaweza kuona mafuta juu na chini kwa wakati mmoja. Vetiveri inakaribiana na maji kiasi kwamba haijui iende wapi. Kwa mafuta yaliyo mepesi kidogo tu kuliko maji, kutenganisha yakiwa na joto la nyuzi 40 hivi husaidia, kwa kuwa mafuta hutanuka kuliko maji.

Maji yakitulia lakini bado yananukia sana, njia ya nne ya upotevu imejionyesha. Fenili-etanoli, kiini kimojawapo cha harufu ya waridi, huyeyuka majini kwa wingi. Kurudisha maji hayo kwenye boila, au kuyakeneka upya, hurejesha sehemu yake na kuokoa maji safi. Lakini yakizunguka kwa saa nyingi, esta (viini vyenye harufu tamu) kama asetati ya linalili huvunjika na lavenda inapoteza utamu wake. Waridi, rudisha. Lavenda, tumia mvuke mkavu kutoka boila ya pembeni, kazi iwe fupi. Maji ya kunukia ya kuuza yawekwe kwenye chupa zilizochemshwa na yakae baridi, kwa sababu bakteria huyapenda.

Harufu ya kuungua, rangi isiyoeleweka

Harufu ya moshi au karameli: maji yameisha chini ya wavu na majani yamegusa bati la moto. Harufu nyepesi ya mboga iliyochemka kwenye mafuta mapya ni jambo tofauti, na mara nyingi hutoweka yakipumzika wiki chache.

Yujenoli na thaimoli (kiini cha thaimu) zikikutana na chuma cha kawaida hutiwa weusi, kwa hiyo karafuu ikenekwe kwenye chuma kisichoshika kutu. Rangi ya kijani huweza kutoka kwenye shaba. Ama buluu ya kamomaili, hiyo si ugonjwa. Ni kamazulini, kiini cha buluu kinachozaliwa na joto la mvuke wenyewe. Ukungu unamaanisha maji yamebaki: acha yatulie, kisha pitisha kwenye sodiamu salfeti kavu, chumvi inayonyonya maji, na uchuje.

Umebadili mbinu, na matatizo nayo yamebadilika

Mikrowevu. Farid Chemat na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kivumbasi, nanaa na thaimu mbichi, bila kuongezewa maji, hutoa mafuta kwa nusu saa, kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha kuchemsha saa 4 na nusu. Siri ni maji yaliyomo ndani ya jani: yanapata moto na kupasua vifuko. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya kushindwa ni majani makavu. Hayachemki, yanaungua mabaka. Yaloweke, uyachuje, upunguze nguvu. Dalili ya pili ni majaribio kufaulu kwa gramu 250 na kufeli kwa kilo 20, kwa kuwa mawimbi hayapenyi mbali na katikati panabaki baridi. Mikrowevu ya jikoni haifai kabisa kwa kazi hii. Haikujengwa kwa mivuke inayowaka, na ukiitoboa mawimbi yanatoka.

Ultrasoniki. Hii ni maandalizi; ukenekaji bado unahitajika. Viputo vinavyopasuka majini huvunja kuta za seli kabla ya mvuke. Mafuta yakipungua badala ya kuongezeka, tazama kama chombo kimeachwa wazi, kama maji yamepata moto, na hasa kama uliyamwaga maji yale ya kulowekea. Mafuta yamo humo! Keneka pamoja nayo. Kwa nanaa, ambayo mafuta yake yako juu, usitegemee faida kubwa. Ipeleke kwenye mbegu na mizizi.

Vimeng'enya. Selulasi na pektinasi, vinavyovunja kuta za seli, hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 40 hadi 50, kwenye maji yenye ukali kidogo, pH 4 hadi 5.5. Visipoleta tofauti, mara nyingi vilitiwa kwenye maji ya moto mno na vikafa, au viliachwa usiku mzima na shehena ikaanza kuchacha.

Kaboni dioksidi. Ikivuka nyuzi 31 na shinikizo la baa 74 (kama mara 74 ya shinikizo la hewa ya kawaida) inakuwa kiyeyushi, na baada ya kazi inaondoka bila kuacha mabaki. Ukipata kitu kizito kama nta badala ya mafuta, umepandisha shinikizo kupita kiasi. Kwa viini vya kunukia anza karibu na baa 90 hadi 100 na nyuzi 40 hadi 50, kisha weka kitenganishi cha kwanza chenye baridi kali ili nta ya ngozi ya majani ibaki humo. Mimea yenye maji mengi ikaushwe kwanza, la sivyo barafu itaziba vali. Na jihadhari na lebo: kwa viwango vya ISO, mafuta tete ni yale yaliyopatikana kwa ukenekaji au kwa kukamua maganda ya jamii ya machungwa. Ya kaboni dioksidi huitwa dondoo, na mnunuzi makini atakuuliza. Kamomaili yake haitakuwa ya buluu pia, maana joto la kuzaa kamazulini halikuwepo.

Mafuta yalikuwa mazuri, sasa yananuka kama rangi ya kuta

Yameoza kwa hewa. Limonini na wenzake hushika oksijeni, na mafuta yaliyochoka namna hiyo huwasha ngozi. Tumia chupa za kioo cheusi au kahawia zilizojaa hadi shingoni, weka baridi na gizani, na kila chupa iandikwe tarehe ya kukeneka. Plastiki laini huyeyushwa na mafuta haya. Mafuta yakipungua nusu, hamishia kwenye chupa ndogo zaidi, usiache hewa ijaze nafasi.